Shoga, makofi yako hayakuwa kosa: rudi tukasikilize ile sehemu ya mwisho

Shoga yangu,

Najua ukiiona hii utasema haya kaanza tena huyu, na najua tuliapizana ile siku tusiitaje mpaka tunaingia kaburini, lakini sama ndo hiyo imeingia London, tiketi za Proms, yale matamasha yao ya muziki wa okestra ya kila kiangazi, zimetoka, na miye siwezi kwenda peke yangu nikasimama masaa mawili bila mtu wa kumfinya mkono fidla zikipanda. Kwaiyo naandika hapahapa hadharani. Jina lako sitaji, weye unajijua.

Tuanze na ile siku basi, tuitoe moyoni. Royal Albert Hall, tumesimama chini kabisa mbele ya wapigaji, kule wanakokuita arena, weye na viatu vyako vya kisigino nilivyokwambia vivue ukakataa. Inapigwa simfoni ya 6 ya Tchaikovsky, yule mtunzi wa Kirusi, kazi moja ndefu ya okestra yenye sehemu nne. Ikafika sehemu ya tatu, ile inayoanza chinichini kama watu wanatembea gizani na siri yao, halafu ikawa gwaride kamili, matarumbeta, matoazi, ngoma, mpaka ikaishia kwa kishindo ambacho mtu asipopiga makofi basi mpime mapigo ya moyo. Weye ukapiga. Tena ukaachia na kigelegele, nusu yake tu, maana hiyo nusu ya pili ulimezea njiani yule mzee wa mbele alipogeuka na kukutolea "sssss" kama anafukuza paka jikoni, maana desturi yao makofi mpaka sehemu zote ziishe.

Nilikuona ulivyoinamisha kichwa. Sehemu ya nne yote ukawa unatazama sakafu. Kwenye basi namba 9 hukusema neno mpaka Hammersmith, halafu ukasema "muziki wao wabaki nao". Na kila nikikualika tokea hapo una mafua.

Sasa nisikilize, maana nimeyafuatilia haya kwa hasira zako.

Mwaka 1778 mtunzi Mozart alikuwa Paris, simfoni yake mpya inapigwa, na akamwandikia baba yake kwamba kuna mahali katikati ya sehemu ya kwanza alijua watapapenda, na kweli watu wakaripuka makofi MUZIKI UNAENDELEA. Kakasirika? Wapi bwana, alifurahi hata ilipokwisha akaenda zake kula askrimu. Na Beethoven simfoni yake ya 7 ilipotolewa mara ya kwanza Vienna, Disemba 1813, watu waliipenda sehemu ya pili mpaka ikabidi irudiwe palepale, kama sisi tunavyosema "rudia hapo!" kwenye taarab. Huu ukimya wa mahakamani umekuja baadaye sana, wenyewe walioitunga walikuwa hawaujui.

Hata hizo Proms zenyewe. Zilianza 1895, miaka kumi tu kabla ya Ikhwani Safaa, kile kikundi cha taarab kule kwetu Zanzibar, na aliyebuni alitaka watu wa kawaida waingie kwa shilingi moja, watembeetembee humo ndani, wale, wanywe, wavute sigara muziki ukipigwa. Jina lenyewe limetokana na huko kutembea! Kwa maana hiyo yule mzee wako angezaliwa mapema angekuta jirani yake anatafuna mkate na kumpulizia moshi.

Alaf kuna hili hukuliona kwa sababu siku ile hapakuwa na piano. Piano ikiletwa jukwaani na kile kifuniko chake kikubwa kinainuliwa, wale wale wanaosimama chini wanapaza sauti kama wabeba magogo, na wa juu darini wanaitikia, yaani ni harambee kabisa, ukisikia utadhani wanavuta jahazi pwani. Na mtu akigusa noti moja tu ya piano ili wenzake wakaze nyuzi, wanampigia makofi kwa utani. Noti moja, shoga! Hao ndo wa kukutolea weye "sssss"?

Ila ntakuwa mkweli kidogo na yule mzee (kidogo tu). Proms zote zinarushwa moja kwa moja redioni, kwaiyo nusu kigelegele chako kilikwenda hewani nchi nzima, hilo sikukwambia siku ile maana nilikuogopa. Na ule ukumbi ni mkubwa, watu zaidi ya elfu tano, sauti zamani ilikuwa inagonga dari na kurudi mpaka 1969 wakatundika yale masahani makubwa juu kama uyoga. Watu wanataka wasikie mpaka ule mlio wa mwisho unavyofifia. Na hapo ndo pana sababu ya mimi kukuandikia.

Weye hukuisikia sehemu ya nne. Ulikuwepo lakini hukuisikia. Tchaikovsky kaitega makusudi: anakupa shangwe la tatu mpaka unadhani harusi imekwisha vizuri, halafu wanakuja wapiga fidla na kilio ambacho, wallahi, kinanikumbusha babu na fidla yake alivyokuwa akianza bashraf, ule muziki bila maneno wa kufungulia taarab, jioni barazani, leso kaikunja chini ya kidevu, macho kayafumba. Kinapanda, kinavunjika, kinapanda tena, halafu kinashuka kidogokidogo mpaka wanabaki wa chelo na mabesi, zile kama fidla kubwa za sauti nzito, peke yao, chini kabisa, huwezi kusema wameacha saa ngapi. Yeye mwenyewe aliongoza ilipopigwa mara ya kwanza Petersburg, 1893, na siku tisa baadaye kafariki. Kwetu huwezi kumalizia hivo, watu wangedai pesa zao walizotuza.

Siku ile baada ya noti ya mwisho kondakta (si wa daladala, huyu wa kuwaongoza wapigaji kwa mikono) alibaki kainua mikono, na elfu zote zile za watu hakuna aliyekohoa. Miye machozi yalinitoka. Nikageuka nikuoneshe, weye unafunga mkoba.

Kwaiyo njoo. Sijui kama watapiga hiyohiyo, wala usijali, tutachagua nyingine. Tiketi ya kusimama nilinunua kwa pauni 8, bei ya chipsi kuku. Safari hii tupande juu darini, wapigaji wanaonekana kama sisimizi lakini sauti inafika vizuri, na pana nafasi, watu wanalala chini wamefumba macho. Ntakuja na kanga mbili za kutandika na chupa ya maji, maana joto la mule si mchezo, 1974 mwimbaji alianguka jukwaani katikati ya kazi, na kijana mmoja kati ya watazamaji aliyeujua wimbo akaenda nyuma akajitolea akamalizia. Ndo watu hao hao ninaokwambia.

Ukitaka kujua mwisho ni wapi, mtazame kondakta mikono. Akiishusha, kile kigelegele unachonidai kiachie chote.

Stesheni ya South Kensington, pale linapoanza lile handaki, saa kumi na moja jioni. Na vile viatu viache nyumbani.