Kwa wazee wa kanisa mlioingizwa kazini Jumapili

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma, nikawatazama mlivyopiga magoti madhabahuni, machozi yakanitoka. Nilikuwa mzee wa kanisa miaka 23. Nimetembelea wagonjwa, nimehesabu sadaka, nimepatanisha ndugu waliogombea mpaka wa shamba. Kwenye semina mtafundishwa kutumika. Mimi nina neno jingine.

Someni Yohana 13, tena taratibu. Luka naye, sura ya 22, anasema usiku uleule wanafunzi walikuwa wakishindana nani mkubwa. Miguu ina vumbi la njiani, kuiosha ni kazi ya mtumwa, na hakuna anayeinuka. Akainuka Bwana mwenyewe, akavua vazi, akajifunga kitambaa kiunoni, akawatawadha. Yuda alikuwamo, hakutoka hadi alipopokea tonge. Miguu iliyokuwa inajiandaa kwenda kumsaliti ilioshwa kama ya wenzake. Kila Alhamisi Kuu nikifika hapo hunichukua muda kuendelea.

Kisha Petro akakataa kuoshwa. Zamani nilidhani ule ni unyenyekevu. Lakini Yesu hakumsifu. Alimwambia kwamba asipotawadhwa, hana shirika naye.

Mimi nililielewa hilo nikiwa kitandani. Nilianguka nikavunjika nyonga, na mama wa nyumba hii alikwisha kutangulia. Aliyekuja kunipikia uji na kuniogesha ni kijana niliyewahi kumkaripia katika kikao cha wazee, kwa jambo la kuambiana faraghani. Nilimwambia arudi kwao, nitatafuta mtu. Hakunijibu, akabandika maji jikoni. Aliponishika mguu na kuanza kuusugua, nilitamani ardhi inimeze.

Siku zile za kulala nilijihesabia. Miaka yote nimeingia katika nyumba za watu na kilo ya sukari na maombi. Nikikaribishwa chai, nasema nimeshakunywa. Nilitoa, nikakataa kupewa. Kwa hiyo mwenye nyumba alibaki mhitaji na mimi mfadhili, hata pale tulipokuwa tumepiga magoti pamoja. Nilikiita kiasi, kumbe kilikuwa kiburi, na nilikilea ndani ya kazi ya Bwana yenyewe.

Basi mkienda kwa mjane akawachemshia chai ya rangi, kaeni muinywe, hata kama mna nyumba nyingine tano za kupitia. Mtoto wa kipaimara akiwasahihisha mstari mliousoma vibaya, mshukuruni. Mkiugua, semeni mmeugua, mwombewe kama washarika wengine. Na wanawake wanaopika kwenye sherehe zetu, waulizeni kama wamekula kabla hamjakaa meza kuu. Hili tumelizembea mno.

Yule kijana nilimwomba radhi. Lakini nilimwomba chumbani, tukiwa wawili, ilhali nilimvunjia heshima mbele ya watu kumi na zaidi. Wengine kati yao wangali hai na wataisoma barua hii. Ndiyo sababu sikuwatumia ninyi peke yenu.

Mwanangu, unajijua. Siku ile nilikukosea mimi, wala hukustahili yale maneno. Nisamehe.

Mzee wenu