Ushahidi unapotea kwenye printa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi mawakili hulilalamikia kwenye korido za mahakama na kulisahau tukirudi ofisini, nalo ni namna tunavyopitia ushahidi wa kielektroniki.

Katika shauri moja la biashara nililolisimamia, upande wa pili ulituletea maboksi mawili ya barua pepe zilizochapishwa. Tulizipitia mawakili wawili na karani mmoja, Jumamosi tatu mfululizo, tukipaka rangi kila palipotajwa malipo. Kwa kuwa kila jibu hubeba chini yake barua zote zilizotangulia, barua moja ya mistari minne nilikutana nayo mara kumi na moja. Viambatisho, ambavyo ndivyo vilivyozua mgogoro wenyewe, vilionekana kwa majina tu.

Wenzetu walishavuka hapo. Nchini Uingereza, mwaka 2016, katika shauri la Pyrrho Investments dhidi ya MWB Property, mafaili zaidi ya milioni 17.6 yalipungua hadi milioni 3.1 baada ya kompyuta kuondoa nakala zinazojirudia, na mahakama ikaridhia programu iyachambue yaliyobaki kwa kujifunza kutokana na sampuli iliyosomwa na wakili. Mashauri yetu mengi hayafikii ukubwa huo, wala sidai kila ofisi inunue programu ambayo bei yake ingemfilisi mteja kabla ya hukumu.

Kinachonisumbua ni kile kinachopotea tunapochapisha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13 ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inaitaka mahakama inayopima uzito wa ushahidi wa aina hii izingatie kama njia iliyotumika kuutengeneza, kuuhifadhi na kuutuma ni ya kuaminika, ulilindwaje usibadilishwe, na mtumaji alitambuliwaje. Karatasi iliyochapishwa, peke yake, haina majibu hayo. Picha ya skrini ya WhatsApp ambayo mtumaji wake amehifadhiwa kwa jina la "Bosi" haioneshi hata namba ya simu, na wakili aliyeipokea kwa furaha mezani kwake ndiye atakayetokwa jasho mwenzake akisimama kupinga isipokelewe.

Ningeomba Chama cha Mawakili wa Tanganyika, kupitia mafunzo endelevu tunayohudhuria kila mwaka, kitufundishe kwa vitendo kudai faili lenyewe, kufanyia kazi nakala huku la asili likiachwa lilivyo, na kuchukua alama ya hashi, yaani ule mfuatano wa herufi na tarakimu ambao kompyuta huukokotoa kutoka kwenye faili, na unaobadilika hata ikiongezwa humo koma moja. Kompyuta ya kawaida hulifanya hilo bila kulipia chochote. Na makarani wetu waalikwe nao, ikiwezekana wakae viti vya mbele, kwa sababu ndio wanaokabidhiwa simu ya mteja asubuhi, wakaifungua, wakapiga picha za skrini na kumrudishia kabla wakili hajafika.

Wakili wa kujitegemea,
Dar es Salaam