Mbona hamkuuliza habari ya uzazi?

Mhariri,

Makala yenu ya ini ilijaa pombe, mafuta na homa ya ini aina ya B. Uzazi hamkuugusa, kujamiiana ndiyo kabisa. Nimezinyamazia makala za namna hii kwa miaka mingi, sasa basi.

Mwanamke aliyepandikizwa ini hurudiwa na hedhi ndani ya miezi michache, na mimba inaweza kuingia hata kabla hajaiona. Kama anameza maikofenoleti, dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini jipya, mimba iko hatarini kutoka, au mtoto azaliwe na kasoro za masikio, mdomo au moyo. Dawa hiyo huachwa walau wiki 6 kabla ya kutafuta mtoto, daktari akimbadilishia, mara nyingi kwa azathioprini (asiiache mwenyewe, mwili utalikataa ini), na mimba hushauriwa isubiri mwaka 1 tangu upasuaji. Anaambiwa lini haya? Wengi wanaambiwa wakija tayari ni wajawazito! Mwingine ana sirosisi (makovu ya ini) iliyokwisha kumjaza maji tumboni, anaandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni (homoni ya kike) ambavyo kwa hali yake ni marufuku, wakati kitanzi cha shaba, kisicholigusa ini, kipo. Na mama mwenye homa ya ini B bado anakatazwa kunyonyesha bila sababu, badala ya kuhimizwa mtoto achanjwe ndani ya saa 24.

Wanaume nao wameachwa. Spironolaktoni ya kupunguza maji huvimbisha matiti na kushusha hamu. Mtu anaona aibu, anaacha vidonge kimyakimya, tumbo linajaa tena. Angeulizwa, angebadilishiwa amiloridi. Aliyebadili jinsia na anameza estrojeni huficha kwa kuogopa kuhukumiwa, ilhali angeshauriwa kiraka cha ngozini, ambacho dawa yake haipitii kwanza kwenye ini.

Halafu kuna tabia ya kuuliza mambo ya chumbani mbele ya shemeji aliyemsindikiza mgonjwa. Nani atajibu ukweli hapo?

Fomu ya kliniki, chini ya swali la pombe, iongezwe mistari mitatu: Unataka mtoto ndani ya mwaka ujao? Unazuia mimba kwa njia gani? Kuna shida yoyote unapojamiiana? Msindikizaji atoke kwanza. Nanyi chapeni maswali hayo kwenye toleo lijalo, ndani ya kisanduku, mgonjwa akikate aende nacho kwa daktari.

Msomaji wenu