Miradi ya mazingira ya wanafunzi ianze kwa kuhesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi za vikundi wanazopewa wanafunzi wa sekondari kuhusu hifadhi ya wanyamapori na makaazi yao. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika Mkoa wa Kusini Unguja, na kila inapokaribia Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, huziona skuli zetu zikirudia yale yale: bango linachorwa, miche inapandwa mbele ya mgeni rasmi, ngonjera inasomwa, picha zinapigwa, na baada ya wiki chache hakuna anayeuliza kama miche imeshika. Wanafunzi hawana kosa, kwa sababu wao hufanya walichoagizwa, na tunaoagiza ni sisi walimu. Kwa maoni yangu agizo lenyewe ndilo linalohitaji kubadilishwa. Kila kikundi kichague uharibifu mmoja unaofanywa na binadamu karibu na skuli yake, kiufuatilie na kuuhesabu kwa mwaka mzima au zaidi, kisha hesabu hiyo ikabidhiwe kwa mamlaka yenye uwezo wa kuchukua hatua.

Nasisitiza kuhesabu kwa sababu katika mkoa wetu huu huu, pembezoni mwa Msitu wa Jozani, hesabu imewahi kumaliza ubishi ambao maneno yalishindwa kuumaliza. Kima punju, ambaye asili yake ni kisiwa cha Unguja peke yake, hatulii msituni siku zote. Hutoka akaingia katika mashamba ya jirani kula majani machanga ya mkungu na ya mwembe, na huchuma nazi changa. Ni jambo la kawaida kumwona ameshika kipande cha mkaa na kukitafuna bila haraka, kwa kuwa mkaa humsaidia kupunguza makali ya kemikali zilizomo katika majani hayo. Wakulima waliona nazi changa zikidondoka chini ya minazi yao na wakaamini, kwa haki kabisa, kwamba mnyama huyu anawatia hasara. Watafiti hawakubishana nao. Walichofanya ni kuhesabu nazi zilizoliwa na nazi zilizovunwa, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa mavuno hayakupungua pale kima walipokula zaidi, bali yaliendana na kuongezeka. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mnazi uliopunguzwa nazi changa huweza kuzikuza vizuri zile zinazobaki. Sisemi kwamba malalamiko yote yaliisha siku hiyo, lakini tangu hapo anayetaka kulizungumza jambo hili ana kitu cha kushika mkononi.

Mfano wa pili ni wa barabara. Njia kuu itokayo mjini kwenda Paje na Makunduchi inapita kando ya msitu, na kima huivuka wakienda mashambani na kurudi. Kabla ya kuwekwa matuta, ilikadiriwa kuwa kima mmoja aligongwa na kufa kila baada ya wiki 2 au 3, na baada ya matuta vifo vilishuka hadi takriban mmoja kila wiki 6. Tofauti hiyo ilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu walioandika kila mzoga ulioonekana. Bila daftari lao, dereva angeendelea kusema kuwa matuta yanamharibia gari bure, na mwenye kuwaonea huruma wanyama angekuwa na huruma yake tu ya kumjibia.

Sasa, nani anayeiona barabara hiyo kila siku kuliko mtoto wa kijiji cha Pete au cha Kitogani anayekwenda skuli asubuhi na kurudi mchana? Kikundi cha wanafunzi watano au sita, wakigawana zamu, kinaweza kuweka daftari lenye safu chache tu: tarehe, saa, mahali palipo karibu na tuta au kalvati gani, aina ya mnyama, yuko hai au amekufa, kuna mvua au jua. Wasiandike kima peke yake. Waandike komba, nyoka, kenge, kobe, hata vyura wa wakati wa masika, kwani msitu si wa mnyama mmoja. Baada ya mwaka watajua ni kipande gani cha barabara kinachoua zaidi na ni saa ngapi, na hapo ombi la tuta jipya au alama ya tahadhari litakuwa na mahali pa kusimama. Masharti ya usalama yasilegezwe hata kidogo: mwanafunzi asiingie barabarani kwa ajili ya kazi hii, asiguse mzoga wala kumkaribia mnyama aliyejeruhiwa, na kila zamu iwe na mwalimu au mzazi anayeisimamia. Mzazi anayo haki ya kukataa kazi isiyotimiza masharti hayo.

Wanaosoma mbali na barabara hii wana kazi nyingine za kutosha. Upande wa Ghuba ya Chwaka kuna mikoko inayokatwa kwa boriti na kuni, na hapa ndipo ninapoona juhudi nyingi za wanafunzi zikipotea. Wanakusanya mbegu za mkoko, wanazichomeka kwenye mchanga wowote ulio wazi, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini mlilana hustawi upande wa bahari, mkoko na mkandaa hukaa nyuma yake kuelekea nchi kavu, na mchu huweza kusimama hata pale chumvi inapozidi karibu na nchi kavu; mche uliowekwa mahali pasipo pake hufa, na kifo chake hakiandikwi na yeyote. Ningependelea kikundi kipande miche michache na kurudi kila mwezi kuhesabu iliyo hai, au kisipande hata mmoja na badala yake kihesabu visiki vipya katika eneo dogo lililopimwa kwa kamba. Kwenye ardhi ya maweni, ambako vichaka hukatwa kwa ajili ya mkaa na matanuri ya chokaa, kazi kama hiyo inawezekana pia. Mwanafunzi azungumze na mkataji kwa adabu na amuulize anaishije, kwa sababu mara nyingi mkataji huyo ni mjomba au jirani yake, na mradi unaomfanya mtu wa kijijini kuwa mshitakiwa hautafika popote.

Najua walimu wenzangu watasema muda hautoshi na mtihani unakuja. Ni kweli, lakini daftari la namna hii linafundisha sampuli, jedwali, grafu na wastani, mambo ambayo tunayasomesha kwa chaki tukiwa tumefunga madirisha. Kuhusu alama, ambazo katika kazi za vikundi huleta manung'uniko kwa kuwa wawili hufanya kazi na sita wakaandikwa majina, kila aliyeshika zamu asaini ukurasa wake. Kadhalika darasa linalomaliza likabidhi daftari kwa linalofuata, kwa sababu hesabu ya muhula mmoja haionyeshi tofauti ya masika na kiangazi.

Vijana wa Afrika Mashariki si wageni wa kazi hii. Klabu za wanyamapori za Kenya zilianza mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi wenyewe, Klabu za Malihai zikaanzishwa Tanzania Bara mwaka 1980, na mwaka 1991 marehemu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianzisha mpango wa Roots & Shoots akiwa Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa sekondari; leo una vikundi katika nchi nyingi duniani. Hoja yangu ni kuwa vikundi hivi vipewe kazi ya uzito wao.

Kinachokosekana ni mpokeaji. Tangu mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ni Hifadhi ya Taifa, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, mara tatu ya waliodhaniwa kuwapo, wengine wao wakiishi nje ya maeneo yanayolindwa. Hao wa nje, walioko karibu na nyumba zetu, ndio ambao skuli zinaweza kuwaangalia. Kwa hiyo naziomba mamlaka za misitu na za elimu Zanzibar zikubaliane juu ya fomu moja fupi ya Kiswahili itakayotumiwa na skuli zote zinazopakana na msitu, zimtaje ofisa mmoja katika kila wilaya wa kuzipokea fomu hizo kila mwisho wa muhula, na ofisa huyo awe na wajibu wa kuijibu skuli kwa maandishi, nakala ikipelekwa kwa sheha, akieleza kilichofanyika na kisichowezekana pamoja na sababu zake. Muhula ujao ungefaa kuanza na skuli chache za ukanda wa Pete, Kitogani, Charawe na Chwaka.

Mwalimu wa Baiolojia,
Mkoa wa Kusini Unguja