Aliyeguswa na muziki asizuiwe kupiga makofi

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilimpeleka shangazi yangu kusikiliza okestra hapa Nairobi. Alikuwa amekuja kutoka Mombasa kutibiwa macho, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Ilipigwa Simfoni ya Saba ya Beethoven, mtunzi Mjerumani; ni utungo mrefu wa okestra, wenye sehemu nne. Ya kwanza ilipomalizika kwa kishindo, fidla, tarumbeta na ngoma zote kwa pamoja, shangazi akapiga makofi. Kumbe siku hizi desturi ni kungoja sehemu zote ziishe. Bwana mmoja wa safu ya mbele akageuka, kidole mdomoni. "Shhh!" Walioketi kando wakacheka. Shangazi akaingiza mikono ndani ya leso, na haikutoka tena, hata mwishoni ukumbi mzima uliposimama kushangilia.

Tangu siku hiyo sijatulia. Shangazi amelelewa na taarab. Huko msikilizaji akiguswa na ubeti huinuka akamtunza mwimbaji papo hapo, wala hangoji wimbo uishe, na hakuna anayemwona mshamba.

Wanaodai kuwa kimya ndiyo heshima kwa Beethoven, nawaomba watazame historia. Simfoni hiyo hiyo ilisikika mara ya kwanza Vienna, tarehe 8 Desemba 1813, katika tamasha la kuwachangia wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Beethoven mwenyewe ndiye aliyeongoza, ingawa masikio yake yalikuwa yamekwisha kufifia. Sehemu ya pili iliwapendeza watu hata ikabidi irudiwe palepale. Naye Mozart, mtunzi aliyemtangulia, mwaka 1778, alimwandikia babake kutoka Paris, akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake mpya. Kifungu hicho alikitunga akijua kitawapendeza. Desturi ya kunyamaza ilikuja kushika baadaye sana, wote wawili wakiwa kaburini.

Sikatai, kimya kina mahali pake. Sehemu ile ya pili huanza chini chini, viola, chelo na besi, ndugu wakubwa wa fidla, zikirudia mdundo mmoja, taa-ta-ta-taa-taa, na hapo hata kikohozi kinaudhi. Lakini makofi ya shangazi yalikuja muziki ukiwa umetua. Hayakumkosesha mtu chochote.

Waandaaji wa tamasha watangaze mapema, kabla mwongozaji hajapanda jukwaani, kwamba anayetaka kushangilia kati ya sehemu na ashangilie.

Shangazi anarudi kliniki mwezi ujao. Nimemwomba twende tena; bado hajanijibu.

Msikilizaji,
Nairobi