Kabla hujaja kufoka kwamba saa haisomi usingizi

Juzi tena kaja mteja kafoka mpaka duka la jirani wakachungulia, eti tumemuuzia saa feki ya kupima usingizi maana alilala saa nne usiku yenyewe ikaandika kaanza kulala saa saba. Nikamwambia kaka hebu lete mkono, mkanda umelegea unazunguka kama bangili.

Jamani saa ya mkononi haioni usingizi, inakisia. Ina kihisi cha mtikisiko na zile taa za kijani za nyuma zinazomulika ngozi kusoma damu inavyopita, basi, programu inapiga hesabu hapo kwamba huyu kalala, huyu anaota. Wanaopima kwelikweli hospitali wanakubandika nyaya kichwani, pembeni ya macho na kidevuni. Kwa hiyo mkanda ukilegea hesabu zote zinaharibika.

Kuna tajiri mmoja wa Nzuguni, hapa Dodoma, alimvalisha mlinzi wake saa ajue kama analala lindoni, asubuhi ikasoma kalala masaa matatu akataka kumkata mshahara. Mlinzi anasema alikaa tu kwenye kiti kajikunyata na koti, si mnajua baridi ya Dodoma mwezi wa saba, na mtu akitulia hivyo saa inaona huyu kalala. Nikamwambia bosi, kwa hilo mimi shahidi wako siwi.

Haya, bei. Kuseti saa na simu yako isome usingizi ni 15,000 na watu wananuna, "si unabonyeza tu Bluetooth?" Kubonyeza hata mtoto anabonyeza. Simu nyingi zinazima programu usiku ili kubana chaji, asubuhi unakuta grafu imekatika, hiyo seting ya kubana chaji lazima izimwe nayo imejificha. Halafu nakurukisha hapohapo dukani nahesabu mapigo shingoni kwa vidole nalinganisha na saa, ndo maana watu wanacheka wakipita. Feki nyingi za barabarani zina taa za kijani nzuri tu ila namba za kubuni, unaruka mpaka unahema yenyewe imeganda 72.

Ila kinachoniuma zaidi ni supaglu. Vumbi letu hili likichanganyika na jasho pini za chaji zinashika uchafu, kuzisafisha kwa spiriti kwangu ni 3,000. Mama mmoja wa mtaa wa Kikuyu hapahapa Dodoma akaona nyingi, akampa fundi wa mtaani akaifungua kwa kisu akafunga na supaglu, mvuke wake ukaacha ukungu mweupe kwenye kioo cha kihisi. Ikabidi abadilishe mfuniko wote wa nyuma, 45,000, na bado akaniambia nina roho mbaya.

Sasa nije kwenu vijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mnaotaka saa iwatetemeshe mkiwa ndotoni ili mjitambue kwamba mnaota bila kuamka. Siyo uchawi, kuna mzazi alishanijia juu kuhusu hilo. Mtafiti wa usingizi Keith Hearne alirekodi huko Hull, Uingereza, mwaka 1975, mtu yuko usingizini anachezesha macho kwa ishara waliyopatana kuonyesha anajua anaota, na mwenzake Stephen LaBerge wa chuo cha Stanford, Marekani, baadaye akaja na barakoa ya kufunika macho iitwayo NovaDreamer inayomulika taa machoni ukianza kuota. Barakoa iko jirani na macho, na ndotoni mwili umelegea wote ila macho yanacheza, saa ya mkononi haiyaoni. Kwa hiyo tunaipangia muda: usingizi wa ndoto unarudi kila dakika kama 90 na unarefuka kuelekea alfajiri, ukilala saa nne mtetemo tunauanzisha saa tisa usiku, tena mdogo. Nyie mkifika hosteli mnauweka mkubwa usiku kucha ili ndoto ziwe nyingi, unashtuka kila saa, hujaota kitu, kesho unasinzia darasani halafu unasema saa mbovu.

Wanaokoroma mpaka pumzi inakatika waende hospitali, hiyo siyo kazi ya saa wala yangu.

Na ukija kuseti njoo na simu yako mwenyewe, siyo ya shemeji, maana nikishaiunga huko taarifa zako zote za usingizi atakuwa anazisoma yeye.