YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUUNGUZWA USO KATIKA TIBA YA CHUNUSI

Kwa Meneja,
Kliniki ya Ngozi na Urembo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyelipia kifurushi kizima cha tiba ya chunusi, shilingi 480,000, kabla hata sijaguswa uso. Utaratibu wenu wa kumhoji mteja, kumjazisha fomu na kujaribu dawa nyuma ya sikio mmeubandika wenyewe ukutani pale mapokezi, hivyo sina haja ya kuwakumbusha. Ninachoandikia ni kwamba Jumamosi ile niliyokuja kutibiwa haukufuatwa inavyotakiwa.

Mhudumu wenu alinipaka asidi ya glaikoliki, ile ya kuchubua ngozi, uso mzima, akanielekezea feni ndogo, kisha akaenda chumba cha pili kumalizia mteja wa kope. Uso ulipoanza kuwaka nilimwita, naye akanijibu akiwa kulekule, "Vumilia dada, urembo una gharama zake." Nilipomwita tena alirudi, lakini hakuja na maji wala dawa ya kuikata ile asidi. Alisema ngozi nyeusi ni ngumu na haisikii dawa haraka, akachovya brashi, akanipaka mara ya pili mashavuni.

Daktari wa ngozi aliyenipokea baadaye hospitalini alinieleza kwamba asidi hiyo huhesabiwa dakika tangu inapogusa ngozi, na muda ukitimia, au mgonjwa akilalamika, hukatwa makali mara moja kwa maji ya sodiamu baikaboneti (baking soda) au huoshwa kwa maji mengi. Alinieleza pia kwamba ngozi nyeusi ikijeruhiwa huacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi mingi, tena meusi kuliko yale ya chunusi zenyewe. Kwa hiyo sababu aliyoitoa mhudumu wenu ya kuongeza dawa ndiyo hasa iliyopaswa kumfanya aipunguze. Na kwenye fomu yenu niliandika kwa mkono wangu kwamba kila usiku natumia krimu ya tretinoini, ambayo huilegeza ngozi na hutakiwa kuachwa siku kadhaa kabla ya kuchubuliwa. Aliyeipokea fomu aliiweka chini ya simu yake na hakuisoma.

Naomba nirudi kwenye ile mara ya pili, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Nilikuwa nimelala chali, macho yamefunikwa kwa pamba, sioni kitu. Nilisema waziwazi, "Inaniunguza, naomba uitoe." Nikasikia brashi ikigonga ukingo wa bakuli, nikadhani anachanganya dawa ya kukatia. Ubaridi uliponigusa shavuni nikasema, "Asante," na kabla sijafunga mdomo ubaridi ule ukageuka moto. Niliyemshukuru alikuwa tayari mlangoni, anacheka na mwenzake.

Nilipotoka nikitokwa na machozi, mtu wa mapokezi hakuniuliza kulikoni; aliniuzia krimu ya kutuliza kwa shilingi 65,000, katika kichupa kisicho na lebo, jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi. (Kabla sijalipia kifurushi mlikuwa mkinipigia simu asubuhi na jioni nisikose ofa, tangu Jumamosi ile simu zangu hazipokelewi.)

Kwa hiyo naomba nirudishiwe fedha zote za kifurushi pamoja na za hicho kichupa. Naomba pia mnilipe gharama za daktari na dawa ninazotumia sasa, ambazo risiti zake nimeziambatisha. Aidha, nataka nijulishwe kwa maandishi asidi ile ilikuwa ya asilimia ngapi, kichupa kile kina nini ndani yake, na huyo mhudumu mnayemvalisha koti jeupe na kumwita "dokta" amesajiliwa wapi. Picha yangu ya "kabla ya tiba" mliyoiweka Instagram bila idhini yangu iondolewe leo hii, si kesho.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji. Kichupa chenu nitakikabidhi Shirika la Viwango Tanzania (TBS), wanaosimamia vipodozi tangu mwaka 2019. Na suala la "dokta" wenu nitalifikisha Baraza la Madaktari Tanganyika. Wakili wangu anayo nakala ya barua hii, na hapo hatutazungumzia tena marejesho ya fedha pekee bali fidia ya uso wangu.

Msinitumie mtu wa kunibembeleza kwa simu wala kuponi ya punguzo. Jibu nalitaka kwa maandishi, lenye sahihi yako na muhuri wa kampuni.

Wako,
Mteja wa kifurushi cha chunusi